Makali ya kisu hayaletwi na kinoo peke yake

CHUKUA gazeti lolote la kila siku, ulifungue, kisha uzitazame kingo zake kwa makini. Kwenye ukingo mmojawapo utaona meno madogo madogo yaliyojipanga kama ya msumeno. Hiyo ni alama ya kisu. Karatasi huingia kwenye mtambo wa kuchapisha ikiwa kipande kimoja kirefu kilichoviringwa, na kabla ya kutoka ikiwa gazeti, sharti ipitie penye kisu kinachoikata maelfu kwa maelfu ya mara katika usiku mmoja. Kisu hicho hakina nafasi ya kunolewa kazi ikiwa inaendelea.

Sasa linganisha na kisu cha jikoni. Mama anayekatakata sukuma wiki kila jioni anajua kwamba kisu alichokinunua kikiwa kikali kama wembe, baada ya majuma mawili matatu huwa kinaiponda nyanya badala ya kuikata. Je, kile kisu cha kiwandani kina nini ambacho hiki cha jikoni hakina?

Wengi watajibu kwamba kimenolewa zaidi. La hasha. Kinoo huleta makali lakini hakiyalindi. Kinachoyalinda ni chuma chenyewe: vitu vilivyochanganywa ndani yake na moto kilioupitia. Hadithi ya jinsi binadamu alivyoligundua jambo hili inamfaa kila mtu anayekula kwa kukata: seremala, mkulima mwenye mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, mchapishaji, fundi wa vyuma, na hata kijana anayejifunza kazi ya mikono katika jua kali. Asiyeijua hupoteza pesa zake, na mara nyingine hupoteza kidole au jicho.

MAADUI WAWILI

Chuma kitupu ni laini. Ukikitengenezea kisu, makali yake yatajikunja mara tu yakutanapo na mfupa. Kinachokigeuza kuwa feleji, ambayo wengine huiita chuma cha pua, ni kaboni, kitu kile kile kilichomo katika makaa ya jikoni. Kaboni inayohitajika ni kidogo mno. Panga hutosheka na chini ya asilimia 1, nayo tupa hupita hapo kidogo tu. Ikizidi asilimia 2 hivi, hicho tena si chuma cha kufua bali cha kumimina kwenye kalibu, nacho hupasuka kikipigwa nyundo.

Feleji ya kaboni ikipashwa moto mpaka iwe nyekundu, karibu digrii 800 za sentigredi, kisha ikazamishwa ghafla katika maji au mafuta, ile kaboni hunaswa ndani kabla haijapata pa kukimbilia. Matokeo ni ugumu wa ajabu. Lakini ugumu huo una gharama yake, kwani feleji hiyo sasa ni kama glasi. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji yaweza kuvunjika vipande viwili.

Kwa sababu hiyo mhunzi huirudisha motoni mara ya pili, safari hii kwa moto wa pole, huku akiyakazia macho mabadiliko ya rangi. Ikifika karibu digrii 230, feleji iliyosuguliwa ikang'aa hugeuka rangi ya majani makavu. Ikiendelea kupashwa huwa ya kahawia, halafu zambarau, na karibu digrii 300 huwa samawati. Kila rangi ni mapatano: unatoa ugumu kidogo, unapata uvumilivu wa mapigo. Wembe huachwa kwenye rangi ya majani makavu. Springi hufikishwa kwenye samawati.

Hapo ndipo penye siri yote. Kisu kigumu kupita kiasi huvunjika, na kisu laini kupita kiasi huwa butu. Kila feleji ya kukatia iliyopata kubuniwa ulimwenguni ni jaribio la kuwapatanisha maadui hawa wawili.

UJUZI WA ZAMANI

Msomaji asidhani kwamba elimu hii ilianzia Ulaya. Kusini mwa India na katika kisiwa cha Sri Lanka, feleji ilikuwa ikipikwa ndani ya vyungu vya udongo vilivyozibwa, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Iliuzwa ng'ambo ya bahari hadi nchi za Kiarabu na Uajemi, ambako ilifuliwa zikapatikana panga zilizosifika kwa jina la Dameski.

Pwani yetu haikuwa nyuma katika biashara ya chuma. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka wa 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa zaidi. Nako Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mnamo 1978 kwamba tanuri za wahunzi wa nchi ya Wahaya zilitoa feleji yenye kaboni yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni mitambo ya kuuongezea wingi, na hiyo ndiyo iliyokuja kuzuka Uingereza.

MTENGENEZA SAA ALIYEKATALIWA KWAO

Katika miaka ya 1740 mtengeneza saa mmoja wa Uingereza, Benjamin Huntsman, alichoshwa na springi zilizokuwa zikivunjika mikononi mwake. Feleji ya siku hizo ilitengenezwa kwa kuvifukia vipande vya chuma ndani ya makaa na kuvipasha moto kwa siku nyingi, hata kaboni ikapenya taratibu. Tatizo ni kwamba kaboni ilijaa nje na kupungua ndani, kama nyama iliyochomwa kwa haraka: nje imeungua, ndani ingali mbichi.

Huntsman aliivunjavunja feleji hiyo, akaitia katika vyungu vya udongo mgumu na kuiyeyusha kabisa, kazi iliyohitaji joto la karibu digrii 1,600. Ilipoyeyuka, kaboni ilisambaa kila mahali kwa usawa. Hapo ulimwengu wa viwanda ukapata feleji isiyo na sehemu ngumu hapa na laini pale.

Je, mafundi wa visu wa mji wa Sheffield walimshangilia? Inasimuliwa kwamba waliikataa feleji yake wakisema ni ngumu mno kufua. Huntsman akawauzia Wafaransa. Visu vya Ufaransa vilipoanza kuingia Uingereza na kununuliwa kwa wingi, mafundi wale wale wakashtuka wakaitaka feleji waliyoidharau. Mji wa Sheffield ulipata utajiri na sifa zake kutokana na vile vyungu. Mara ngapi nasi tumeipuuza kazi ya fundi wa kwetu mpaka tukaiona ikitoka ng'ambo ikiwa na bei maradufu?

ADUI WA TATU NI JOTO

Karne iliyofuata ilileta mashine za mvuke, reli na meli za chuma. Sasa feleji haikukata nyama na mbao tu, ilitakiwa ikate chuma chenzake. Kwenye mashine ya kukereza, kipande cha chuma huzungushwa huku ncha ya feleji ikikimenya kama mtu amenyavyo chungwa. Msuguano huo hutoa joto jingi. Mashine ikiharakishwa, ncha hupata moto hadi ikarudi kwenye zile rangi za mhunzi, lakini sasa bila kuombwa. Ikipita samawati, ugumu umekwisha na ncha imekuwa butu. Kwa hivyo mashine zote za dunia zililazimika kwenda pole pole. Nguvu ya mvuke ilikuwapo, lakini ilifungwa breki na kipande kidogo cha feleji.

Aliyeilegeza breki hiyo kwanza ni Robert Mushet, Mwingereza aliyefanyia kazi zake katika msitu wa Dean. Mnamo 1868 alitoa feleji iliyochanganywa na madini mazito yanayoitwa tangsteni, au wolframi. Feleji hiyo haikuhitaji kuzamishwa majini. Ukishaifua unaiacha ipoe hewani tu, nayo inakuwa ngumu yenyewe. La muhimu zaidi, iliweza kuendelea kukata hata ikiwa na joto ambalo lingeiharibu feleji ya kaboni. Mushet aliuficha mchanganyiko wake kwa wivu mkubwa, na kampuni ya Samuel Osborn ya Sheffield ndiyo iliyoitengeneza na kuiuza.

Hatua kubwa zaidi ilitokea Marekani. Frederick Winslow Taylor alianza majaribio ya kukata chuma mwaka wa 1880, na mnamo 1898 akahamia kiwanda cha Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, alikoshirikiana na mtaalamu wa madini Maunsel White. Mafundi wote wa wakati huo waliamini kwamba feleji ya kukatia ikipashwa moto kupita wekundu wa kawaida imeharibika, haifai tena. Taylor na White walivuka mpaka huo. Waligundua kwamba feleji yenye tangsteni na kromi huharibika kweli joto likizidi kidogo, lakini ukiendelea kupandisha mpaka karibu na kuyeyuka, digrii 1,200 hivi, hugeuka ikawa bora kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Mwaka wa 1900, kwenye maonyesho makuu ya Paris, watu walisimama wakikodoa macho. Ncha ya feleji ilikuwa imegeuka nyekundu kwa joto, na bado ilikuwa ikikata chuma bila kulegea. Taylor alipotoa taarifa yake kamili mnamo 1906, alieleza kwamba kazi hiyo ilimchukua miaka 26, majaribio yaliyoandikwa kati ya 30,000 na 50,000, na zaidi ya ratili 800,000 za chuma zilizokatwa zikawa vipande vya kutupwa. Hizo ni zaidi ya tani 360. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Taylor aliinama robo karne.

Ilibidi mashine zenyewe ziundwe upya, kwa maana za zamani hazikuweza kuhimili kasi hiyo. Nao wafanyakazi walikiona cha moto. Taylor huyo huyo ndiye aliyeshika saa kupima kila hatua ya kibarua, na kitabu chake cha mwaka wa 1911 kuhusu usimamizi wa kazi kilizusha ubishi mkubwa. Feleji ilipoongezewa kasi, binadamu naye alitakiwa akimbie.

MADINI NA VITA

Kufikia 1910 hivi kulikuwa na mchanganyiko uliokubalika kila mahali: asilimia 18 ya tangsteni, 4 ya kromi na 1 ya vanadi. Visu vya mashine za kupigia mbao randa vingali vikitengenezwa kwa mchanganyiko huo hadi leo. Ukitazama shina la ncha ya drili utakuta herufi HSS. Hizo ni herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la jamii hii, maana yake feleji ya mwendo wa kasi.

Tangsteni, hata hivyo, ilitoka mbali, hasa Uchina. Vita Vikuu vya Pili vilipozifunga njia za bahari, viwanda vya Marekani viligeukia molibdeni, madini yaliyochimbwa kwa wingi katika milima ya Colorado. Ikaenea feleji yenye asilimia 6 ya tangsteni na 5 ya molibdeni, ambayo mpaka sasa ndiyo ya kawaida kwa ncha nzuri za drili. Dhiki ilizaa ujuzi mpya.

Nasi Afrika ya Kati na Mashariki tumo katika hadithi hii kwa njia ambayo wengi hawaijui. Rwanda huchimba wolframi, na mgodi wa Nyakabingo ni mmojawapo wa migodi yake mikubwa. Kobalti, ambayo hutumika katika visu vigumu zaidi, hutoka kwa wingi Kongo. Mawe yanatoka kwetu yakiwa udongo, yanarudi yakiwa visu vya bei ya kutisha.

Baadaye yalikuja mambo mawili zaidi. Mnamo 1923 Mjerumani Karl Schröter alitafuta haki ya uvumbuzi wa kuchanganya unga wa tangsteni na kaboni, akiugandisha kwa kobalti, na miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ikaanza kuuza kitu hicho kwa jina la Widia, yaani kama almasi. Hivyo ndivyo vipande vidogo vya kijivu vilivyobandikwa kwenye meno ya misumeno ya mviringo. Ni vigumu kuliko feleji yoyote, lakini vikigonga msumari humeguka.

La pili lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Marekani na Sweden. Feleji yenye madini mengi, ikimiminwa katika kipande kikubwa na kuachwa ipoe pole pole, hujifanyia madonge ndani, kama ugali uliosongwa na mtu asiyejua. Madonge hayo ni magumu, na ndipo kisu kinapoanzia kupasuka. Wataalamu wakaona heri kuipuliza feleji ikingali uji, iwe matone madogo kama unga, kila tone lipoe peke yake, kisha unga huo ushindiliwe kwa joto na nguvu mpaka uwe kitu kimoja. Ugali ukatoka laini. Kisu cha namna hiyo huwa kigumu sana na bado hakivunjiki ovyo. Wale maadui wawili wamekaribia kupatana.

UNUNUE KIPI?

Kufikia hapa seremala wa Kariobangi au Kisii atauliza: hayo yote yananifaa nini? Yanamfaa sana. Tuseme amepoteza wateja kwa sababu mashine yake inaacha mistari kwenye mbao. Anakwenda dukani, anaonyeshwa seti mbili za visu zinazong'aa sawasawa, moja kwa nusu ya bei ya nyingine. Mng'aro haumwambii kitu. Na aanze kwa maswali haya.

Kwanza, kisu hiki ni cha feleji gani? Muuzaji asiyeweza kujibu anauza umbo tu. Cheche pia husema kweli. Ukikigusisha kisu kidogo kwenye jiwe la mashine ya kunolea, huku umevaa miwani ya kukinga macho, feleji ya kaboni hutoa cheche nyingi nyeupe zinazopasuka kama nyota. Feleji ya mwendo wa kasi yenye tangsteni hutoa cheche chache, nyekundu iliyofifia, zisizopasuka. Fundi aliyezoea hadanganyiki.

Pili, kazi ni ya namna gani? Panapo mapigo, kama kukata matawi au mabua mazito, tafuta feleji ya wastani iliyo vumilivu, hata kama itahitaji kunolewa mara kwa mara. Ndiyo maana panga zilizofuliwa kwa springi za malori kuukuu huko Kamukunji hudumu. Panapo msuguano usio na mapigo, kama kukata karatasi au plastiki, ugumu ndio bora. Visu vya kusagia plastiki, kwa mfano, aghalabu ni vya feleji yenye asilimia 12 ya kromi na moja u nusu ya kaboni. Nacho kisu kikubwa cha kukatia karatasi mara nyingi huwa na mgongo wa chuma laini uliobandikwa ukanda wa feleji ngumu mahali pa makali tu. Mgongo huvumilia, makali hukata.

Tatu, nani atakinoa, na kwa njia gani? Hapa ndipo mali nyingi inapopotelea. Fundi mwenye haraka hukikandamiza kisu kwenye jiwe la umeme mpaka makali yanageuka samawati, kisha husema rangi itatoka kwa msasa. Rangi itatoka, ndiyo, lakini kama ni feleji ya kaboni, ugumu umekwisha kuondoka. Kazi ya Huntsman imeharibiwa kwa nusu dakika. Kisu kama hicho kinolewe kwa mguso mwepesi, na kitiwe majini kila mara kabla hakijapata moto wa kuchoma vidole. Cha mwendo wa kasi hakiharibiki upesi kwa joto, lakini usikitumbukize katika maji baridi kikiwa moto sana, kwa maana kitapata nyufa usizoziona. Nyufa hizo ndizo zinazofunguka siku ya kazi, mashine ikiwa inazunguka kwa kasi na mtoto amesimama karibu akitazama.

Usichomelee kisu kilichovunjika ili ukirudishe mashineni. Moto wa kuchomelea hulainisha upande mmoja na kupasua mwingine. Na visu vya seti moja vinolewe pamoja, vibaki na uzito sawa, la sivyo mashine itatetemeka na kulegeza bolti zinazovishika.

Mwisho, usingoje kisu kiwe gogo. Kilichopungua makali kidogo hunolewa kwa dakika chache na hupoteza unywele tu wa feleji. Kilichongojwa mpaka kikawa butu huhitaji jiwe kali, joto jingi na nguvu za mkono, na kila nguvu inayoongezwa ni hatari kwa anayesukuma ubao. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wahenga. Anayejua jinsi kisu chake kilivyopikwa ndiye atakayeila mwaka huu na mwaka ujao, vidole vyake vyote kumi vikiwa mahali pake.